Pono Wadogo wa Mwambani Katika Tangi la Nyumbani, Malindi: Shajara ya Mradi

Shajara hii inafuatilia ujenzi wa tangi moja la maji ya bahari katika nyumba ya kawaida mjini Malindi. Tangi lilikusudiwa tangu mwanzo kwa pono wadogo wa rangi wa jamii ya Labridae, si wale wakubwa wanaopimwa kwa kilo sokoni. Kila hatua imeandikwa ilipokamilika. Yale ambayo kila mfugaji wa samaki wa maji chumvi anayajua nimeyapitia kwa ufupi, na nafasi nimeyaachia mambo yaliyokwenda kombo, namna yalivyorekebishwa na gharama zake. Msimamo wangu, ambao msomaji atauona tangu ukurasa huu, ni kwamba kinachowamaliza samaki hawa majumbani ni usiku kuliko ubovu wa maji. Wengi wao hulala wamejifukia mchangani, wakishtuka gizani huruka nje ya tangi, na stima ikipotea wakati watu wamelala hukosa hewa. Ndiyo sababu swali la kwanza katika kila ununuzi lilikuwa samaki atalala vipi.

8 Juni 2024: Tangi na meza

Fundi wa vioo hapa mjini ametengeneza tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, la vioo vya milimita 10, kwa Sh32,000. Urefu ulipewa uzito kuliko kina, kwa kuwa pono ni samaki wa kutembea: kuanzia asubuhi hadi machweo huzunguka akichungulia kila tundu, na tangi fupi lililosimama kama kabati humchosha hata likiwa na lita zile zile.

Meza ni ya mbao za mwarubaini, Sh13,500. Chuma kingeoza kwa chumvi, na mbao laini zingekuwa karamu ya mchwa. Ukijumlisha maji, mawe, mchanga na vioo vyenyewe, mzigo unakaribia kilo 400, kwa hiyo tangi limewekwa chini, juu ya sakafu ya saruji, na si ghorofani. Limeegemezwa ukuta wa ndani usiopigwa na jua la mchana. Taa za LED ni Sh24,000, mashine ya povu inayoondoa uchafu majini, iliyokwisha kutumika, Sh17,000, pampu mbili za kuzungusha maji Sh9,000, na vipimo vya maji Sh8,000. Tangi lilijazwa maji ya mfereji kwa siku kadhaa kupima viungo vya silikoni, na halikuvuja.

30 Juni 2024: Maji ya bahari

Anayeishi hatua chache kutoka baharini hudhani maji ndiyo jambo jepesi kuliko yote. Kwa Malindi sivyo, na sababu ni Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji ukiwa umebeba udongo wa bara. Upepo wa kusi ukivuma, maji yake mekundu husukumwa kaskazini kuelekea Ghuba ya Ungwana na bahari ya mjini husafika. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, tope lile lile hurudi kusini, likaifunika ghuba ya Malindi na kufika kwenye miamba ya hifadhi ya bahari.

Shehena ya kwanza ya maji ilichotwa karibu na mji baada ya mvua, maji yakiwa yamekupwa. Kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji matamu kilisoma 1.021 badala ya 1.025 inayotakiwa, na kulipokucha kila mtungi ulikuwa na utando wa udongo laini chini yake. Maji hayo yalimwagwa. Shehena zilizofuata zilitoka Mayungu, kusini mwa mji, wakati wa bamvua na maji yakiwa yamejaa kabisa, kwani hapo ndipo maji ya bahari kuu husogea karibu na ufuo. Yalisoma kati ya 1.025 na 1.026.

Utaratibu uliobaki ni huu: mitungi ya lita 20 huletwa kwa tuktuk, maji huchujwa kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili, kisha hukaa gizani wiki mbili katika tangi jeusi la lita 500 lililofunikwa. Usafiri wa kujaza mara ya kwanza umegharimu Sh4,200, na tangi la akiba Sh5,500. Anayetaka kuiga mradi huu na aanze kusi. Akiba ya kutosha ikiwekwa kabla ya Desemba, miezi ya tope hupita bila wasiwasi.

28 Julai 2024: Mawe

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake haichukuliwi hata kome tupu. Nje yake pia tumbawe hai si kitu cha kuvunja na kubeba, kwa kuwa matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. Tangi hili kwa hiyo ni la mwamba usio na matumbawe hai, na sioni kuwa limepungukiwa. Pono hadai tumbawe. Anadai matundu ya kupitia, vivuli vya kukimbilia, na mahali pa kulala.

Mawe yametoka nchi kavu. Ni yale mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa machimboni, ambayo watu wa pwani wamejengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi. Ni chokaa tupu, yana vitundu visivyohesabika, na mkokoteni mmoja uliojaa vipande vilivyochaguliwa kwa mkono ulikuwa Sh600.

Kasoro yake ilionekana baada ya kuyasugua na kuyatia tangini. Ndani ya vitundu mlikuwa na udongo mwekundu ambao brashi haikuufikia. Maji yakawa kama chai ya maziwa, na yalipotulia fosfeti, chumvi inayolisha mwani, ilisoma 0.25, mwani wa kahawia ukatambaa juu ya kila jiwe. Mawe yalitolewa yote, yakaloweshwa kwenye pipa la maji matamu yaliyobadilishwa mara kwa mara, kisha kwenye maji ya bahari gizani, pampu ikizunguka mfululizo. Waashi hupasua mawe haya kwa shoka, nami naona ni vyema kuiga: jiwe kubwa likipasuliwa vipande viwili, udongo wa moyoni hutoka kwa siku chache badala ya kuvuja kwa miezi.

Baada ya hapo ulianza mzunguko wa kawaida wa nitrojeni. Kamba mbichi mmoja aliachwa aozee ndani, amonia ikapanda, bakteria wakaigeuza kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi hii huchukua wiki nne hadi sita na haina njia ya mkato ninayoiamini.

15 Septemba 2024: Mchanga

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kukwama, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Mchanga wa ufuo wa Malindi haufai. Sehemu kubwa yake imeletwa na Sabaki na imechanganyika na udongo na chembe nyeusi za madini. Nilitandaza kiganja kimoja cha mchanga mkavu kwenye karatasi na kupitisha sumaku ya spika mbovu chini yake: chembe nyeusi zilisimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka na kuifuata sumaku hadi ukingoni. Sikutaka madini nisiyoyajua mahali ambapo samaki atalaza matamvua yake usiku kucha.

Badala yake yalinunuliwa Mombasa makokoto ya matumbawe yaliyosagwa, ya milimita 3 hadi 5, kwa Sh6,000. Muuzaji aliyasifu kwa kupitisha maji vizuri, na alisema kweli. Wiki hiyo hiyo aliingia samaki wa kwanza, jike wa Halichoeres cosmetus wa sentimita 7 hivi, mwenye mistari ya chungwa na kijani-buluu, aliyenunuliwa kwa Sh900 kutoka kwa mkusanyaji mwenye leseni mjini Kilifi. Hapo mambo yalionekana. Saa kumi na mbili na robo jioni alianza kuzunguka sakafuni akiinamisha kichwa, akachagua pembe moja, akapiga mbizi kwa ubavu. Makokoto hayakufunguka. Alirudia mahali pengine, na pengine tena, kila mara akipenya nusu ya mwili na kutoka. Mwishowe alilala ubavu nyuma ya jiwe, wazi, akipumua haraka. Asubuhi alikuwa na alama nyekundu chini ya taya, na magamba kadhaa ya ubavuni yalikuwa yameng'oka.

Jeraha kama hilo ndilo mlango wa bakteria, na mfugaji asiyetazama jioni atakuja kuona samaki amevimba mdomo bila kujua chanzo. Atapima maji, atayakuta safi, na atalaumu mkusanyaji.

Tiba ya haraka ilikuwa bakuli pana la plastiki lililojazwa mchanga mwembamba wa chokaa na kuzamishwa pembeni. Jioni ile ile samaki alilipata, na ndani ya dakika chache alikuwa ametoweka, ikabaki chembe chache tu zikitua mahali alipoingilia. Tiba ya kudumu ilikuwa kubadilisha sakafu nzima: kilo 55 za mchanga wa chokaa wa nusu milimita hadi milimita moja, Sh13,200, unaotosha kina cha sentimita 6. Makokoto hayakutolewa kwa mkupuo, kwa sababu bakteria wengi walikuwa wamekwisha kukaa humo. Yalinyonywa kwa mpira robo baada ya robo, wiki baada ya wiki, na mchanga mpya, uliooshwa hadi maji yake yakawa meupe, ulishushwa kupitia bomba la PVC lililogusa sakafu ili usitibue tangi. Mawe yaliegemezwa kwenye vioo vya chini kabla ya mchanga kuingia. Jiwe likikaa juu ya mchanga, pono atachimba chini yake na siku moja litamwangukia.

Sentimita 6 zinawatosha samaki wa sentimita 12 au 13. Zaidi ya 10 sipendi, kwa kuwa tabaka la chini hukosa oksijeni na kuanza kunuka yai bovu.

3 Novemba 2024: Karantini yenye kitanda

Kila samaki mpya sasa hukaa kwanza katika tangi la pembeni lisilo na mawe, na vitabu vingi vya ufugaji hutaka tangi hilo liwe tupu kabisa ili liwe rahisi kusafisha. Kwa pono wanaojifukia, utupu huo ni mateso: huogelea usiku kucha wakijigonga vioo. Bakuli lile la mchanga limehamia huko, na mchanga wake hutupwa kila kundi linapoondoka.

Jambo la pili ni subira. Halichoeres iridis, mwenye kichwa cha manjano na mwili mwekundu uliokoza, Sh1,800, alijifukia saa ile ile alipotolewa mfukoni na hakuonekana kwa siku kadhaa. Kishawishi cha kumchimbua ni kikubwa, hasa kwa kuwa kila mgeni nyumbani huuliza kama amekufa. Asichimbuliwe. Aliyekufa hujulikana kwa amonia kupanda. Amonia ikibaki sifuri, aachwe. Alitoka mwenyewe asubuhi moja kabla ya taa, akatazama kushoto na kulia akiwa ametoa macho tu juu ya mchanga, akarudi chini, kisha akatoka moja kwa moja.

Hapa wakazi wa pwani yetu wana nafuu kubwa. Pono aliyesafirishwa nusu ya dunia huendelea kulala na kuamka kwa saa za kwao, na huchukua siku nyingi kuzoea. Aliyetoka Kilifi jua lake ni lile lile.

Dawa ya shaba, inayotumiwa sana dhidi ya ugonjwa wa madoa meupe uletwao na Cryptocaryon irritans, sikuitumia. Pono wengi huistahimili kwa shida. Njia iliyotumika ni kumhamisha samaki kila baada ya saa 72 katika chombo kilichokaushwa na kutiwa maji mapya na mchanga mpya, ili kimelea kilichodondoka kisipate wakati wa kuanguliwa na kumrudia. Ni kazi ya mikono, lakini gharama yake ni maji tu.

1 Desemba 2024: Kifuniko

Pono huruka. Taa ikizimwa ghafla, paka akipita, mlango ukigongwa, huchomoka kama mshale, na akikuta uwazi wa sentimita mbili unamtosha. Kioo cha kufunika kingemzuia, lakini hapa kwetu kingefungia joto na kuzuia hewa.

Kifuniko cha kwanza kilikuwa fremu ya aluminiamu ya dirisha yenye wavu wa mbu, Sh4,500. Hakikudumu. Macho ya wavu wa mbu ni madogo mno, kwa hiyo matone ya chumvi yalikauka humo na kuyaziba, mwanga ukapungua, na pembeni, palipokuwa na skrubu za chuma, aluminiamu ilianza kutoa unga mweupe uliokuwa ukidondokea majini.

Fremu ya sasa ni ya bomba la PVC, Sh1,300, na wavu umefumwa kwa uzi wa mshipi usioonekana, macho yake yakiwa ya milimita 6, na mzee mmoja anayeshona nyavu ufuoni, kwa Sh1,500. Alipoelezwa kazi yenyewe aliweka chini sindano yake.

"Mwanangu, miaka yote hii nafuma wavu wa kumtoa samaki majini. Wewe wataka wa kumzuia asitoke?"

"Ndiyo, mzee wangu. Huyu akitoka hafiki sokoni, anafia sakafuni."

Alicheka, kisha akauliza swali ambalo mafundi wengine hawakuuliza: samaki huyo ana upana gani begani, kwani macho ya wavu hupimwa kwa bega la samaki na si kwa urefu wake. Wavu wake umebana kila upande, ukiwa na tundu moja la bomba lenye kola.

Taa nazo zimepangwa kufifia kwa hatua tatu, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja kasoro, ili kila mmoja apate kuchagua mahali pake kabla ya giza. Tangu hapo sijasikia hata kishindo kimoja cha samaki kugonga wavu usiku.

12 Januari 2025: Chakula

Pono wana matumbo mafupi na shughuli nyingi, hivyo mlo mmoja mkubwa wa jioni hauwafai. Hawa hula mara tatu kwa siku, kidogo kidogo: kamba na ngisi waliosagwa, na mayai ya samaki yanayopatikana kwa bei ndogo kwa wachinjaji wa samaki. Mlo wa mwisho hutolewa saa moja nzima kabla ya taa kuanza kufifia, kwani chakula kikichelewa humkuta samaki amekwisha kuingia mchangani na kubaki kikioza juu ya kichwa chake.

Kwa anayegoma kula, dawa iko kaskazini mwa Malindi. Katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Kurawa wanaishi Artemia, vidudu vidogo mfano wa kamba waliopandikizwa huko katika miaka ya 1980, wanaostahimili chumvi kali mno. Wakisuuzwa kwa maji ya bahari ndani ya kitambaa na kutiwa tangini wakiwa hai, hata pono aliyenuna huwafuata. Ni wa kuamsha hamu tu, kwa sababu lishe yao ni hafifu, na wasioliwa hufa baadaye na kuchafua maji. Baada ya siku chache huchanganywa na kamba wa kusagwa, na kiasi chao hupunguzwa hadi waishe.

Macropharyngodon bipartitus, yule mwenye nyota za buluu, mkusanyaji alimpendekeza wiki hii. Sikumchukua. Chakula chake cha asili ni viumbe wadogo sana wa mchangani, na tangi changa halina akiba hiyo. Atanyong'onyea akiwa amezungukwa na kamba.

9 Machi 2025: Joto na stima

Miezi ya kaskazi ilileta jaribio la kweli. Alasiri ya kawaida tangi lilisoma nyuzi 31, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Chupa za barafu zilijaribiwa na zikaachwa: joto lilishuka nyuzi mbili ndani ya saa moja, likapanda tena, na samaki walijifukia mchana, jambo ambalo kwa pono ni dalili ya mashaka. Feni mbili ndogo za kupuliza juu ya maji, Sh2,400, zililishusha hadi 28.5 na kuliweka hapo. Wavu wa mzee ulionyesha faida yake nyingine, maana mvuke hupita bila kizuizi. Gharama iliyojificha ni maji: lita 6 hadi 8 huvukizwa kila siku, na hurudishwa kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya bahari, kwani chumvi haivukizwi na ingejilimbikiza. Maji ya visima vya hapa yana chumvi yake na hayafai. Siku za mvuke mzito kabla ya masika feni husaidia kidogo tu, na hapo taa hupunguzwa saa.

Stima ilikatika usiku wa manane mwezi Februari. Kifaa cha akiba ya umeme cha kompyuta, kilichokuwa kimeunganishwa na pampu, hakikumaliza saa moja. Kilichookoa tangi ni kuteka maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu hadi alfajiri, kazi isiyo ya kupendekezwa kwa mtu anayekwenda kazini asubuhi. Sasa kuna betri ya volti 12 na saa-ampia 100, pamoja na chaja na kigeuzi cha umeme, vyote Sh25,500. Betri ya aina hii isitumiwe zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Pampu ya wati 20 huendeshwa nayo kwa saa 25 hivi baada ya kuhesabu kinachopotea kwenye kigeuzi. Taa na mashine ya povu hazikuunganishwa humo. Pampu iliyounganishwa imeelekezwa juu, ivunje uso wa maji, kwani oksijeni huingilia hapo.

25 Mei 2025: Majirani

Waliongezwa pono watatu wadogo wa aina ya Cirrhilabrus exquisitus, Sh1,500 kila mmoja, na H. cosmetus wa pili, Sh900. Cirrhilabrus hawajifukii. Huingia katika tundu la jiwe na kujifunika ute mwepesi kama mfuko, na kwa hiyo hawagombanii mchanga na Halichoeres. Kuchanganya walalaji wa aina mbili ndiko kulikoliwezesha tangi hili kubeba idadi hii bila vita vya jioni.

Vita vililetwa na Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, Sh700. Ni mzuri, mgumu, hula kila kitu na huwinda minyoo bapa. Lakini alijitwalia mawe yote ya upande wa kulia, na kila Cirrhilabrus aliyetafuta tundu la kulala alifukuzwa hadi giza likamkuta nje. Sanduku la plastiki lenye matundu, alimowekwa wiki nzima ili wenzake wajipangie makazi, halikubadilisha tabia yake. Alinaswa kwa chupa kubwa ya soda iliyokatwa shingo na kugeuzwa ndani, kamba akiwa chambo, na mkusanyaji akampokea tena. Hakutupwa baharini: samaki aliyekaa tangini hubeba magonjwa ambayo mwamba haukuyaomba. Anayemtaka na amwingize mwisho kabisa, au amjengee tangi lake.

Wengine wawili husifiwa sana na wauzaji. Labroides dimidiatus, msafishaji, huishi kwa kuwatoa samaki wengine vimelea, na tangi la nyumbani lenye samaki wachache wenye afya ni njaa kwake. Watoto wa Coris nao wanavutia mno, hasa Coris aygula mweupe mwenye madoa mawili ya chungwa mgongoni, lakini huyo anaweza kufikia sentimita 120, urefu wa tangi lenyewe, na Coris formosa hufikia 60.

17 Agosti 2025: Hali na hesabu

Kusi imetulia na akiba ya maji imejazwa upya. Mkubwa kati ya Cirrhilabrus watatu ameanza kubadilika: mapezi yamerefuka, rangi ya ubavuni imekoza, na alasiri huyatandaza mapezi yote mbele ya wenzake. Pono wengi huzaliwa majike na mkubwa wa kundi hugeuka dume, ndiyo maana ni salama zaidi kununua wadogo kwa pamoja kuliko kutafuta dume na jike. Dume wa pili asiongezwe.

Vifaa, maji, mawe na mchanga vimefikia Sh168,200, na humo Sh10,500 zimepotelea kwenye makokoto na fremu ya aluminiamu. Samaki wamegharimu Sh8,800, akiwemo yule aliyerudishwa. Kwa mwezi, stima ni kama Sh2,300, tuktuk ya maji Sh1,200 na chakula Sh600. Asiyeweza kununua vyote kwa mkupuo aache taa za bei hii, kwa kuwa tangi halina tumbawe hai la kuzihitaji na taa ya theluthi ya bei ingetosha, lakini asiiahirishe betri.

Mchanga umeanza kuwa na vijidudu vinavyoonekana kwa kurunzi usiku, vikitambaa kwenye kioo cha mbele. Vikiendelea kuongezeka hadi kaskazi ijayo, M. bipartitus atafikiriwa upya, na ingizo litakalofuata litahusu yeye.